Somo: Kutafuta nyumba ya kukodi Nakuru bila kuliwa pesa

Wadau habari zenu. Nimehama mara nne hapa Nakuru, na kila mwisho wa mwezi naskia mtu analia ametuma dipositi ya nyumba hajawahi hata kuingia, inaniuma sana, kwa hivyo naandika vile mimi hufanya.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya kodi pamoja na nauli. Lanet ama Kiamunyi unaweza pata nafasi kubwa, sawa, lakini kama kazi iko tao hesabu matatu ya mwezi mzima kwanza ndio ulinganishe na mitaa iliyo karibu na tao kama Section 58 ama Shabab.

Hatua ya 2: Tembea kwa miguu. Mama mboga anajua ploti yenye nyumba tupu kabla ejenti ajue. Ongea na keateka, yule anayeangalia ploti, halafu ukitoka tafuta mpangaji mmoja pembeni umuulize, huyo hana cha kukuuzia.

Hatua ya 3: Maji. Fungua kila bomba, uliza ni ya kaunti ama ya kisima, yanakuja siku gani, tangi linatosha watu wangapi. Visima vingi huku Bonde la Ufa vina floridi nyingi (ni madini), ndio unaona watu waliokulia hapa wana meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha haisaidii, maji yanapungua floridi inabaki palepale. Wewe mtu mzima meno yako yameshakomaa, lakini mtoto chini ya miaka 8 meno yake ya ukubwani bado yanajiunda ndani ya ufizi, huyo mtafutie maji mengine ya kunywa, ya mvua ama ya kununua. Tafadhali msipuuze hii.

Hatua ya 4: Rudi mara ya pili, saa ingine. Upande wa mtaa wa London hapa Nakuru simama dirishani unuse kama harufu ya jaa la Gioto inafika. Mtaa wa Mwariki uliza Ziwa Nakuru lilifika wapi lilipopanda, kuna watu walihama maji yakiwa mlangoni.

Hatua ya 5: Pesa ni mwisho kabisa, ukiwa ndani ya nyumba. M-Pesa inakuonyesha jina kabla pesa iende, kama si la landilodi ama lililo kwa mkataba, simamisha. Chukua risiti, na upige video ya kuta, sinki na vioo siku hiyohiyo.

MASWALI

Swali: Niko Kisumu, naanza kazi Nakuru wiki ijayo, ejenti anasema nitume nusu anishikie nyumba. Nitume?
Jibu: Usitume dada yangu. Kama una mtu hapa mwambie aende aingie ndani na aongee na majirani, ama ukifika ulale kwa chumba cha kulipia siku mbili tatu ukitafuta mwenyewe.

Swali: Landilodi amekata dipositi yote anasema ni ya rangi. Ni haki?
Jibu: Soma mkataba kwanza, mingi imeandikwa mpangaji hupaka rangi akihama. Hata hivyo muitishe risiti ya fundi, rangi ya bedsita haimalizi dipositi nzima. Na ile video ya siku ya kwanza mtumie.

Swali: Stima je, nitajuaje mita si ya kushea?
Jibu: Mwambie keateka azime swichi kubwa ya nyumba yako, kama yuniti zilizobaki kwa mita bado zinapungua kuna mtu mwingine anakula tokeni zako.