Ukienda Nizwa, lenga Ijumaa asubuhi

Ukipanga kwenda Nizwa, Oman, lala hukohuko Alhamisi, maana mnada wa mbuzi huanza Ijumaa asubuhi mapema na jua likipanda watu wanatawanyika. Mbuzi huzungushwa kwa kamba, wanunuzi wakiwapapasa na kuwafunua midomo waone meno. Usiwazibie njia kwa ajili ya picha, na wanawake usiwapige picha bila ruhusa. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti. Mchana maduka mengi hufungwa hadi alasiri, kalale tu. Ukikaribishwa kahawa, pokea kwa mkono wa kulia; ukitosheka tikisa finjani, la sivyo utajaziwa tena. Jaribu na Kiswahili kwa wazee: familia kadhaa za huko ziliishi Unguja.