SOMO: Kusoma rekodi za zamani za nyota za Harvard (soma kabla hujanijia inboksi)

Haya jamani, kila wiki naulizwa lile lile, naliweka hapa mara moja. Nyota ya mazoezi ni HZ Herculis na nimeichagua makusudi, maana satelaiti ya Uhuru iliyorushwa hapa hapa kwetu Ngomeni tarehe 12 Desemba 1970 ndiyo iliyogundua chanzo cha eksirei pale, Hercules X-1, halafu wataalamu wakaenda kufukua vioo vya picha (zamani picha za nyota zilipigwa kwenye vioo, si filamu) vya chuo cha Harvard, Marekani, kuangalia nyota yenyewe ilikuwa ikifanya nini miaka ya nyuma, wakakuta kuna vipindi virefu mwangaza wake ulitulia tuli.

1. Ingia hifadhi ya DASCH, ndiyo yenye vioo vya Harvard vilivyoingizwa kwenye kompyuta. Bure.

2. Andika jina la nyota la kitaalamu. Ukiandika Kilimia haikuelewi.

3. Shusha kipande kidogo tu cha picha, kioo kizima kitamaliza bando hujaona kitu.

4. Herufi kwenye namba ya kioo ni darubini. A ni Bruce ya inchi 24, B ni Bache ya inchi 8, I ni Draper ya inchi 8.

5. Nyota ni nukta nyeusi, hiyo ni negativu.

6. TAREHE. Hapa ndipo watu wanapozama. Mpaka mwisho wa 1924 wanaastronomia walikuwa wanaanza siku adhuhuri, ili usiku mzima wa kazi ubaki na tarehe moja. Sisi siku inaingia magharibi, usiku wa Ijumaa unatangulia mchana wake, wao usiku unafuata mchana, kwa hiyo usilete hesabu za nyumbani. Daftari la vioo likisema 17 Januari 1910 saa 14 za Greenwich, hesabu masaa 14 toka adhuhuri, unaangukia saa nane usiku na kalenda ya kawaida ishakuwa tarehe 18. Kwa saa za huku ongeza matatu, ni saa kumi na moja alfajiri. ANGALIA: kabla ya 1925 saa za Greenwich (GMT) zilianza adhuhuri, toka 1925 zinaanza saa sita usiku, na wote waliandika GMT, herufi zile zile, jina halikusaidii, angalia mwaka. ANGALIA TENA: kama orodha ishakupa siku ya Julian (namba moja ya kuhesabu siku mfululizo, bila miezi wala miaka) usirekebishe mara ya pili. Siku ya Julian haikubadilishwa, mpaka leo inaanza adhuhuri. Jaribu kikokotoo chako kwa siku iliyorushwa satelaiti ya Uhuru, saa sita usiku ya kuingia 12 Desemba 1970 kwa Greenwich lazima itoe 2440932.5, ikitoa kingine kitupe.

MASWALI

Kijana wa Shela: mkuu tarehe ya kioo changu haieleweki nisaidie

— Kioo gani? Mwaka gani? Hatua ya 6 umesoma?

Kijana wa Shela: ndefu sana hiyo

— Basi na jibu langu litakuwa refu vile vile. Soma.

Zuhura Langoni: Shikamoo mwalimu. Nimepata vioo vya 1950 na vya 1972, katikati patupu kabisa. Nimekosea wapi?

— Marahaba dada, hujakosea popote. Mkurugenzi wa wakati ule, Menzel, alisimamisha upigaji picha 1953 hivi kubana matumizi, kazi ikarudi mwishoni mwa miaka ya 60. Wenyewe wanaliita pengo la Menzel. Umeliona bila kuambiwa, hongera.

Nahodha Mdogo: mbona nyota nyekundu zimefifia kuliko ninavyoziona kwa macho? picha mbovu hizi

— Picha si mbovu. Dawa ya vioo vile ilishika zaidi mwanga wa buluu, nyekundu ikipita haionekani sana. Usilinganishe na jicho lako, linganisha na nyota jirani kwenye kioo hicho hicho ambazo mwangaza wake unajulikana. Henrietta Leavitt, mwanaastronomia wa Harvard, alifanya kazi ya namna hiyo kwa vioo vilivyopigwa Arequipa, Peru, 1908 akatoa orodha ya nyota 1777 zinazobadilika mwangaza kwenye Mawingu ya Magellan (galaksi mbili ndogo jirani zetu), na 1912 akaonyesha kwamba inayong'aa zaidi ndiyo yenye mzunguko mrefu wa kung'aa na kufifia.

Zuhura Langoni: na hayo Mawingu huku Lamu yanaonekana?

— Yanaonekana! Novemba usiku usio na mwezi, saa tatu hivi, tazama kusini chini chini, Wingu Dogo litakuwa pale kama doa la moshi. Kubwa linapanda baadaye.

Nahodha Mdogo: mimi niko Malindi mjini, taa tupu

— Nenda upande wa Mayungu, taa za mji zikae mgongoni. Na simu uizime, macho yanataka dakika ishirini kuzoea giza.