RS-485: rezista mbili za ncha, mbili za bayasi, kisha pima

Kisima kimoja nje kidogo ya Morogoro kilinishikilia siku mbili. Kulikuwa na mita saba za umeme kwenye laini moja ya RS-485 (mawasiliano ya vifaa vingi kwa jozi moja ya nyaya, A na B), waya umeenda karibu mita 400 hadi pampu ya mwisho. Mezani zote zilikuwa zinajibu. Kule saiti, ya karibu inajibu mara mojamoja, za mbali kimya. Nikazima umeme, nikapima omu kati ya A na B: 17. Aliyefunga alikuwa amewasha swichi ya rezista ya omu 120 kwenye mita zote saba. Gawa 120 kwa 7, ndiyo hiyo.

Waya pacha uliosokotwa una ukinzani wa takriban omu 120 kwa ishara inayopita. Ishara ikifika kwenye ncha iliyo wazi inarudi kama mwangwi na kuivuruga inayokuja. Rezista ya 120 inaumeza mwangwi huo, kwa hiyo mahali pake ni ncha mbili tu. Nasema ncha za waya, si anwani (namba ya mita) ya kwanza na ya mwisho. Kifaa kikuu, kile kinachoziuliza mita, kikikaa katikati, nacho hakipewi. Umeme ukiwa umezimwa unatakiwa usome kama 60. Ukiona 120, ncha moja haina. Ukiona 40, kuna ya tatu imejificha. Anza kutafuta ndani ya kigeuzi cha USB kinachounganisha kompyuta na laini.

Wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo tatizo la pili linaanza. Wakati hakuna kifaa kinachotuma, zile rezista mbili zinazivuta nyaya zikae sawa, tofauti inakaribia 0. Kipokezi kina uhakika tofauti ikizidi milivolti 200 upande wowote. Katikati ya hapo kinaweza kusoma chochote. Mimi nilikuwa napata baiti ya 00 isiyotakiwa mbele ya jibu kila pampu inapowashwa.

Dawa yake ni bayasi, yaani rezista za kuzitenganisha nyaya kwa volti wakati wa kimya. Funga rezista moja kutoka volti 5 kwenda waya chanya, nyingine kutoka waya hasi kwenda 0. Kwa omu 560 kila moja: 5 × 60 ÷ (560 + 60 + 560) = volti 0.254. Ukiweka za 1,000 unapata 0.146, haitoshi. Ziwe mahali pamoja tu kwenye laini nzima, maana kila jozi ya ziada inamwongezea mtumaji mzigo. Herufi A na B usiziamini, watengenezaji hawakubaliani, shika polariti, yaani chanya na hasi.

Washa umeme, simamisha kifaa kikuu kisiulize, pima volti za DC kati ya nyaya mbili. Kisimani nilisoma 0.03 kabla, 0.25 baada. Tukawasha na kuzima pampu mara kumi, mita zote saba zikajibu. Ndani ya mlango wa kisanduku nikaandika kwa maka: “120 hapa na mita ya saba. Bayasi hapa tu.”