SOMO: Demoiselle ya mianzi, ndege ya 1909 ya kurusha hapa Bukavu

Wengi wakitaka kutengeneza mifano midogo ya ndege za kale hukimbilia ile ya ndugu Wright ya 1903. Ina heshima yake, lakini mabawa yake ni ghorofa mbili, nyaya chungu nzima, na kibawa cha kupandishia kiko mbele. Kwa anayeanza, kuiweka sawa ni kisirani. Anza na Demoiselle ya Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyeishi Paris. Mwili wake ulikuwa mianzi mitatu, mabawa kama mita 5 ncha hadi ncha, na hakuuzia mtu haki ya kuiga. Mianzi kwetu si tatizo, ila usiikate ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega, utajitafutia kesi.

Adui ni uzito. Bukavu iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni pungufu ya ile ya pwani kwa karibu asilimia 14. Bawa lilelile hapa hubeba mzigo mdogo zaidi, la sivyo litake kasi zaidi. Tunatengeneza ya mabawa sentimita 64, na yote isizidi gramu 80. Mizani? Waombe wanaopima dhahabu, wanayo ndogo na ya kweli.

Hatua ya 1: Mianzi. Chukua uliokauka kivulini. Mbichi utajipinda wenyewe baada ya kufungwa. Pasua fito za milimita 2 kwa 3, ukiliacha ganda la nje, maana nguvu iko hapo. Kwa mbavu za bawa, pitisha ufito juu ya mshumaa bila kuutuliza mahali pamoja. Ganda likianza kung'aa kama limepakwa mafuta, pinda taratibu, shikilia mpaka upoe. Ukiuachia ukiwa moto, unarudi ulivyokuwa. Ukiwa mweusi, tupa.

Hatua ya 2: Bawa. Fito mbili ndefu, mbavu tano kila upande, upana sentimita 25. Funga kwa uzi, kisha tone la gundi nyeupe ya mbao. La kulifunikia liko kwenye maswali hapo chini. Inua ncha sentimita 3 kuliko katikati, la sivyo ndege italala upande na hakuna wa kuinyanyua.

Hatua ya 3: Mwili na mkia. Fito tatu za sentimita 75, zikutane nyuma. Mkia ni msalaba: kibawa kimoja cha kulala, kimoja cha kusimama. Kwenye ndege halisi mkia mzima uligeuka. Wewe ufunge usitikisike.

Hatua ya 4: Pangaboi. Kata mapanga mawili ubavuni mwa kopo la plastiki, kwa mshazari, kipenyo sentimita 20. Mhimili ni spoku ya baiskeli; nyuma yake funga mpira ufike hadi mkiani, ukiuzungusha ndio unaosukuma pangaboi. Kati ya pangaboi na mwili tia shanga moja, bila hiyo msuguano unakula nguvu yote.

Hatua ya 5: Kuweka sawa. Ibebe kwa vidole viwili chini ya bawa, sentimita 7 au 8 kutoka ukingo wa mbele. Mkia ukishuka, bandika udongo puani. Irushe kwanza bila kuzungusha mpira, juu ya majani, asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaamka.

MASWALI

Kijana wa Kadutu: Yaya, mpira wa ndani wa baiskeli unafaa?
— Unafaa kufunga mzigo, mdogo wangu. Mwingi ni mpira bandia, unarudisha nguvu kidogo. Unga zile bendi za ofisini, uzipake tone la sabuni ya maji.

Mama wa Ibanda: Watoto wangu wamefunika bawa kwa karatasi, mvua ikailegeza.
— Mama, tumia sashe, mfuko wa plastiki, nyembamba kabisa. Gundi haiishiki, kunja ukingo, ubandike kwa skochi. Ya Santos-Dumont ilikuwa hariri, lakini yeye alikuwa na pesa.

Mwanachama wa Bagira: Naweza kutengeneza kubwa, nikae ndani na moteri ya pikipiki?
— Hapana, kaka. Uingereza walitengeneza moja kwa ajili ya sinema ya 1965. Mafundi wazima, moteri ya kisasa, bado ilikataa kumbeba mwanaume wa kawaida. Aliyeirusha ni rubani Joan Hughes, mama mwembamba. Santos-Dumont naye alikuwa mtu mdogo sana. Na hao walikuwa karibu na usawa wa bahari. Piga hesabu ya hapa.

Mwalimu: Nimefika hatua ya 5. Inapanda, inasimama hewani, inaanguka kwa mkia.
— Mwalimu, pua ni nyepesi. Ongeza udongo kidogo kidogo, si bonge. Ikigoma bado, inamisha mhimili wa pangaboi utazame chini kidogo. Kipande cha kijiti cha kiberiti nyuma yake kinatosha.

Kijana wa Kadutu: Turushie wapi?
— Kiwanja cha shule, kwa ruhusa ya mkubwa wa shule. Mbali na uwanja wa ndege wa Kavumu, mbali na askari.