Kumzoesha mtoto mdogo kucheza peke yake kituoni

Mtoto wa miaka miwili au mitatu hachezi peke yake kwa kuamriwa. Hucheza peke yake akiwa na hakika kwamba mlezi wake yupo. Kwa hiyo, katika kituo cha kulelea watoto mchana, mlezi aanze kwa kukaa naye mkekani na kucheza naye kidogo, kisha apunguze maneno, asogee pembeni, na hatimaye ashike kazi nyepesi, kama kukunja nguo, mahali ambapo mtoto akiinua macho atamwona. Dakika tano zinatosha kwa siku za mwanzo. Ukitaka kutoka, muage, kwa sababu mtoto anayetorokwa huishia kumng'ang'ania mlezi.

Vifaa viwe vichache, vitatu au vinne tu. Hapa Mwanza si lazima kununua: yapo magunzi, vikombe vya plastiki, vipande vya vitenge, na boksi ambalo mtoto mwenyewe ataligeuza mtumbwi. Vizibo vya chupa na kokoto wasipewe walio chini ya miaka mitatu, kwani huweza kuwakaba.

Mchezo wa maji huwashika watoto kwa muda mrefu, nao ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Maji ya ziwani yasichotwe kwa ajili ya kuchezea, maana vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi hata isiyo na jeraha. Tumia maji ya bomba katika beseni, na hapo mlezi asibanduke kabisa, kwa kuwa mtoto mdogo anaweza kuzama hata katika maji ya kina cha sentimita chache.

Lililo gumu kwetu walezi ni kunyamaza. Mtoto anapanga vikombe, cha tatu kinaanguka, anakunja uso na kukutazama. Subiri. Mara nyingi atakiokota, akigeuze mdomo chini, na safari hii kikae. Akianza kulia, mshikie kile cha chini tu, cha juu mwachie mwenyewe. Usimkatize kwa sifa akiwa bado anacheza, akikuita uone, mwambie ulichokiona: "Umepanga vitatu."

Mtoto mgeni, mwenye njaa au mwenye homa asisukumwe. Siku hiyo mpakate.