Kupunguza mafuta uzeeni bila kupoteza misuli

Mzani peke yake hupotosha. Mzee mnene akipungua kilo 5 hupongezwa, kumbe sehemu ya kilichokwenda ni misuli ya mapaja, ile ile inayomwinua kitini. Basi kabla ya kugusa chakula, pimeni nguvu.

Wekeni kiti kigumu kisicho na mikono, mgongo wake ukutani. Mzee akunje mikono kifuani, asimame wima na kuketi mara 5 mfululizo, mtu akiwa karibu naye. Zikipita sekunde 15, nguvu imeshapungua, hata kama miguu inaonekana imejaa: mafuta hujipenyeza hadi ndani ya msuli. Ndiyo maana kupima mzunguko wa shavu la mguu hakusaidii sana kwa mtu mnene.

Chakula kipungue kwa kiasi, kama kalori 500 kwa siku. Kujinyima sana huondoa misuli pamoja na mafuta. Protini isipungue: gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 80 hadi 96 kwa mwenye kilo 80. Igawanywe, gramu 25 hadi 30 kila mlo, kwani misuli ya mzee huitikia protini kwa shida na kiasi kidogo hakiiamshi. Hapa wengi hukosea asubuhi: yai moja lina gramu 6 tu, hivyo mayai mawili bila maziwa wala maharage hayafiki. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kumwona daktari. Anayetumia insulini naye aulize kuhusu dozi, maana chakula kikipungua sukari inaweza kushuka mno.

Kutembea ni kuzuri kwa moyo, ila hakutoshi. Mara 2 au 3 kwa wiki, kwa kuruka siku, afanye mazoezi ya nguvu: kuinuka kitini, kusukuma ukuta, kupanda kidato kimoja cha ngazi. Kila zoezi raundi 2, mara 8 hadi 12. Zile za mwisho ziwe ngumu kweli. Mara 12 zikiwa rahisi, ashike chupa ya maji ya lita 1, ambayo ni kilo moja. Atoe pumzi anapoinuka. Akiibana, presha hupanda. Maumivu ya kifua au kizunguzungu: aache, aonwe na daktari.

Rudieni kipimo cha kiti kila mwezi. Kilo zikishuka huku sekunde zikiongezeka, rudisheni chakula kwanza na mkague protini.