Kuchagua Msimu wa Kwenda Jangwa la Chalbi na Ziwa Turkana

Mtu anayepanga kwenda jangwani kwa mara ya kwanza huanza kwa kuuliza kuhusu joto, na kwa majangwa mengi ya dunia hilo ndilo swali la haki. Nchini Oman, tarehe 26 Juni 2018, mji wa pwani wa Qurayyat ulipitisha saa 24 ambazo kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi 42.6, hata usiku wa manane. Ndiyo maana watu wa Maskati hawaendi kulala kwenye machuguu ya mchanga ya Sharqiya kabla ya Oktoba kuisha, wala hawaendelei kwenda huko baada ya Machi. Kaskazini mwa Kenya mambo ni tofauti. Chalbi iko karibu na Ikweta, na kwa hiyo mwezi wa Julai na mwezi wa Februari hutofautiana kwa nyuzi chache tu. Mchana huwa na joto la nyuzi 35 hivi karibu mwaka mzima. Julai ndiyo nafuu kidogo, Februari na Machi ndizo kali zaidi. Anayechagua msimu kwa kutazama joto peke yake hatapata jibu lolote la maana, na huenda akachagua mwezi mbaya kuliko yote akidhani ameepuka jua.

Kinachoamua hapa ni mvua. Huenda neno hilo likashangaza, kwa kuwa tunazungumzia eneo lisilopata hata milimita 250 kwa mwaka, lakini mvua hiyo chache huja kwa pamoja, huanguka juu ya ardhi isiyoinywa, na hukata njia kwa siku kadhaa au hata wiki.

Mvua hufanya nini katika Chalbi

Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka. Imezungukwa na Mlima Marsabit upande wa kusini mashariki, Vilima vya Huri upande wa kaskazini na Mlima Kulal upande wa magharibi, na maji yanayoteremka kutoka sehemu hizo hayana mahali pa kutokea. Hujikusanya bondeni na kubaki pale mpaka jua liyamalize. Wakati wa ukame, udongo wake wa mfinyanzi uliochanganyika na chumvi huwa mgumu kiasi kwamba gari hukimbia bila kutafuta barabara. Mvua ikinyesha vya kutosha, uwanda huo huo hugeuka kuwa tope, na katika miaka ya mvua nyingi hugeuka kuwa ziwa la kina kifupi.

Hatari kubwa zaidi hata hivyo haiko katika siku ya mvua yenyewe, bali katika majuma yanayofuata. Jua hukausha uso wa ardhi kwanza, na uso huo mweupe hufunika tope kama utando unavyofunika uji uliopoa. Dereva mgeni huona ardhi kavu mbele yake hadi upeo wa macho, huacha njia iliyozoeleka ili afupishe safari, na baada ya mita mia chache magurudumu yote manne huwa yamezama hadi kwenye ekseli, mahali pasipo mti wa kufungia kamba wala jiwe la kuwekea jeki. Kwa sababu hiyo mimi hushauri kwamba hesabu ya msimu isianze siku mvua ilipokatika, bali ianze majuma matatu baadaye.

Jambo la pili ni laga, yaani mito mikavu ya mchanga inayokatiza njia zote za huko. Laga linaweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha milimani, mbali na mahali ulipo, huku juu yako mbingu ikiwa safi kabisa. Usipige hema ndani ya laga katika msimu wowote, hata kama mchanga wake ni laini na miti ya kandokando ina kivuli kizuri. Na ukikuta laga limejaa, zima gari, subiri. Mara nyingi maji hupungua katika saa chache, na wenyeji watakuonyesha wanapopitisha ngamia wao.

Miezi ya kwenda na miezi ya kuepuka

Masika huko ni Machi hadi Mei, Aprili ikiwa kilele chake. Vuli ni Oktoba hadi Desemba, na kilele ni Novemba. Hubaki vipindi viwili vya ukavu: Juni hadi Septemba, na Januari hadi Februari.

Kwa anayekwenda kwa mara ya kwanza, ningechagua kipindi kinachoanza katikati ya Juni na kuishia mwishoni mwa Agosti, na ningefanya hivyo bila kusita. Joto huwa limepungua kidogo. Ardhi imeshakauka kwa kina. Kubwa zaidi ni hali ya watu na mifugo: baada ya masika njema, Wagabra na Warendille huwa na malisho, ngamia huwa na maziwa, na mgeni hukaribishwa na watu ambao hawako katika dhiki. Ukifika Kalacha, Maikona au Kargi wakati huo utaona maisha ya jangwa yakiwa katika ubora wake, si katika mapambano yake. Jambo moja la kujiandaa nalo ni Marsabit yenyewe, ambako wasafiri wengi hulala kabla ya kuteremka. Mji huo uko juu ya mlima wenye msitu, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi hiyo ukungu na upepo wake wa asubuhi humtaka mtu avae sweta. Saa chache baadaye, chini bondeni, sweta hiyo hiyo itakuwa mzigo.

Januari na Februari ni chaguo la pili. Kwa ukavu wa ardhi kipindi hiki hakishindwi, hasa vuli inapokuwa imekatika mapema. Pia ndicho wakati ambapo ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia wako kwenye fukwe za Ziwa Turkana, kwa hiyo anayekwenda kwa ajili ya ndege ana kila sababu ya kukichagua. Gharama yake ni joto linalozidi kupanda kuelekea Machi, na vumbi la chumvi linalopeperushwa kutoka uwandani, ambalo huumiza macho na koo na kuingia katika kamera.

Kuna wasomaji wasio na uhuru wa kuchagua, kwa sababu likizo za shule ndizo zinazowapangia. Likizo ya Agosti nchini Kenya na ile ya Juni nchini Tanzania zinafaa sana. Likizo ya Desemba inafaa katika nusu yake ya pili, iwapo vuli imeshakatika. Likizo ya Aprili haifai kwa kuvuka Chalbi. Familia iliyo na Aprili peke yake ibaki kwenye barabara ya lami ya Isiolo, Marsabit na Moyale, itembelee msitu na mabwawa ya kreta ya Marsabit, na iliache jangwa kwa mwaka mwingine.

Kalenda si dhamana

Miezi niliyoitaja ni ya mwaka wa kawaida, na miaka ya kawaida imekuwa adimu. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, na mifugo ikafa kwa wingi kaskazini mwa Kenya. Kisha vuli ya 2023 ikaja na El Niño, na maeneo yale yale yaliyokuwa yamekauka yakafurika. Aliyepanga safari ya Desemba 2023 kwa kufuata kalenda peke yake alikuta njia zimefungwa.

Kwa hiyo fanya uchunguzi kwa hatua. Miezi miwili au mitatu kabla ya safari, soma utabiri wa msimu unaotolewa na ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, kilichoko Kenya, ambacho hutoa makadirio kabla ya msimu wa Machi hadi Mei, wa Juni hadi Septemba na wa Oktoba hadi Desemba. Utabiri huo haukuambii siku ya mvua, lakini unakuambia kama msimu unaelekea kuwa na mvua nyingi au chache, na ukitaja El Niño katika vuli, ahirisha safari ya Novemba na Desemba mara moja. Mwezi mmoja kabla, tafuta taarifa ya kila mwezi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame kwa Kaunti ya Marsabit, ambayo hueleza hali ya malisho, umbali wa maji na afya ya mifugo. Katika juma la mwisho tumia utabiri wa siku saba wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, na angalia mvua ya Marsabit na ya milima iliyo jirani, si ya bondeni tu, kwa kuwa maji ya bondeni hutoka huko. Siku mbili kabla ya kuondoka, piga simu. Mwenye nyumba ya wageni wa North Horr, au wa Loiyangalani iliyo kando ya Ziwa Turkana, au dereva wa lori linalopeleka bidhaa huko, anajua hali ya njia ya leo kuliko taasisi yoyote. Mtu huyo huyo ndiye wa kuulizwa kuhusu usalama, kwa kuwa migogoro ya malisho na maji hubadilika kwa majuma. Ukishafika, ripoti kwa chifu au kituo cha polisi kabla ya kuendelea.

Taarifa za ukame zina maana nyingine pia, na naiona kuwa nzito. Zikionyesha kwamba watu wanatembea mwendo mrefu kutafuta maji, safari ya starehe inaweza kusubiri. Ikiwa ni lazima uende, beba maji yako yote kutoka Marsabit, usioge kwa maji ya kisima cha kijiji, na usiombe kupiga picha za mifugo iliyodhoofika. Kwa macho ya msafiri, mwaka wa ukame una njia kavu na anga safi, lakini kwa mwenyeji ni mwaka wa kuhesabu hasara.

Upepo wa ziwani na saa za siku

Tofauti na mvua, upepo wa Turkana hauna msimu wa kuukimbia. Hupita katika bonde lililo kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, hubanwa humo na kuongezeka kasi, na huvuma kutoka kusini mashariki mwaka mzima. Ndio uliofanya mitambo 365 ya umeme wa upepo ijengwe karibu na Loiyangalani, mradi wa megawati 310 uliozinduliwa mwaka 2019. Kwa kuwa huwezi kuukwepa kwa kubadilisha mwezi, ukwepe kwa saa: huwa mkali zaidi usiku na asubuhi, kisha hupungua mchana. Piga hema nyuma ya ukuta wa mawe au penye mikoma iliyosongamana, na vigingi vyako viwe vya chuma.

Ndani ya ziwa suala hili ni la uhai. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa mwanajiolojia Mwingereza Vivian Fuchs walikwenda Kisiwa cha Kusini na hawakuonekana tena. Mvuvi wa Loiyangalani akikuambia leo hatuendi, usimwongezee bei ili abadilishe mawazo.

Nchi kavu pia ina ratiba yake. Ondoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, simama kivulini ifikapo saa tano, na uendelee baada ya saa kumi alasiri, ukihakikisha umefika kabla ya giza, kwa maana usiku huwezi kutofautisha udongo mkavu na ule wenye unyevu. Anayefuata nyota apange safari yake mwishoni mwa mwezi mwandamo. Anayetaka kuona uwanda mweupe usiku apange siku za mwezi mpevu.

Kwa majangwa mengine

Njia hii ya kufikiri inatumika kwingineko, mradi ujue ni kitu gani kinachotawala mahali husika. Katika Namib, iliyo mbali kusini mwa Ikweta, ni majira ya baridi: Mei hadi Septemba kuna ukavu na mchana mzuri, lakini usiku wa Julai huhitaji blanketi nzito. Katika Dhofar, kusini mwa Oman, upepo wa kusi tunaoujua katika pwani yetu huleta ukungu na manyunyu kuanzia Juni hadi Septemba, milima ya Salalah ikawa kijani na hoteli zikajaa, ilhali upande wa pili wa milima hiyo jangwa la Rub' al Khali linaungua. Mtu mmoja, mwezi mmoja, mkoa mmoja, na bado majibu mawili. Katika Oman na nchi nyingine za Kiislamu angalia pia Ramadhani, ambayo hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa kuwa mikahawa mingi hufungwa mchana na safari ndefu huwalemea madereva waliofunga.

Ukishachagua tarehe za Chalbi, ongeza siku mbili za akiba kabla ya kulipia gari, na uandike katika makubaliano na mwenye gari kwamba njia ya kurudi inaweza kubadilika. Mvua isiyotarajiwa ikikukuta Loiyangalani, usirudi kupitia uwandani. Shika barabara ya kusini ya kokoto inayopita kwenye mitambo ya upepo hadi Laisamis, iliyoboreshwa kwa kilomita 208 wakati wa ujenzi wa mradi huo. Huko nako kuna malaga ya kusubiri, lakini mwishoni mwake kuna lami.